Alama Hafifu za Shahada Zielezwe, Zisifichwe

Katika kliniki ya watoto, iwe Haydom, Dongobesh au Basotu, muuguzi anayepokea kadi ya mtoto haishii kutazama nukta ya mwisho. Hutazama mstari mzima. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, lakini mstari wake ukapanda mwezi baada ya mwezi, humpa muuguzi matumaini. Mtoto aliyezaliwa na uzito mzuri, kisha mstari wake ukalala kwa miezi mitatu, ndiye anayemfanya muuguzi amwite mama pembeni na kumwuliza: Mtoto aliugua? Anakula nini? Nani humlisha mama akienda shambani? Hakuna muuguzi mwenye weledi anayejumlisha uzito wa miezi yote, akaugawanya kwa idadi ya miezi, kisha akatoa hukumu kwa wastani huo.

Hata hivyo, muuguzi huyohuyo anapoomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, yeye mwenyewe hupimwa kwanza kwa wastani. Kwa kipimo cha vyuo vikuu vingi vya Tanzania, ambacho kilele chake ni 5, wastani wa 4.4 na kuendelea ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni pasi. Vyuo vingi huuliza angalau 2.7 kwa anayetaka uzamili. Shahada ya udaktari wa tiba kwa kawaida haigawiwi madaraja, lakini hati ya matokeo hubaki palepale, na kila somo huonekana, pamoja na lile lililorudiwa kwa mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita «sapu».

Wako wahudumu wengi wa afya vijijini ambao hati hiyo wameifungia sandukuni. Si kwamba hawataki kujiendeleza. Wanaona haya. Mwaka wa kwanza uliwaendea vibaya, wakanusurika kuondolewa chuoni, wakamaliza, wakapata leseni, wakapangiwa kituo, na sasa kwa miaka kadhaa wanazalisha akina mama na kutibu watoto vizuri. Kila tangazo la nafasi za masomo linapotoka, hulisoma hadi mwisho, kisha hulikunja. Wengine huomba, lakini hulipita jambo hilo kimya, wakitumaini kwamba kamati ya udahili haitaliona. Kamati huliona, kwa kuwa kuliona ndiyo kazi yake. Hoja ya makala hii ni kwamba njia zote mbili, ya kutoomba na ya kuomba kwa kunyamaza, zina hasara kwa mwombaji na kwa mgonjwa. Alama hafifu zinapaswa kuelezwa: kwa ufupi, kwa ukweli na kwa ushahidi.

Tuchukue hesabu rahisi. Wanafunzi wawili wa shahada ya uuguzi ya miaka minne wanamaliza wakiwa na wastani mmoja wa 2.85, tukichukulia kwamba kila mwaka una uzito sawa. Wa kwanza alipata 2.1, kisha 2.5, kisha 3.2, kisha 3.6. Wa pili alipata 3.6, kisha 3.2, kisha 2.5, kisha 2.1. Kwenye karatasi ya muhtasari watu hawa wawili ni sawasawa. Kwa jicho la mhudumu wa kliniki, mmoja ni mtoto aliyenusurika na anakua. Mwingine anahitaji kuulizwa kilichompata. Wa kwanza asiposema neno, huenda kamati yenye mamia ya maombi ikamweka fungu moja na wa pili. Na wa pili asiposema neno, kamati itabuni sababu yake yenyewe, nayo kwa kawaida haitakuwa ya kumpendelea.

Sababu za mwaka mbaya ni nyingi, na wasomaji wa ukanda huu wanazijua. Mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatoga hukua na lugha ya nyumbani, akaingia shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Anapofika chuo kikuu hubeba bado uzito wa safari hiyo, na katika muhula wa kwanza wa anatomia na biokemia mtihani humpima lugha pamoja na somo. Yupo aliyekosa mkopo, au ambaye fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita «bumu», zilichelewa, naye akawa anasoma kwa mlo mmoja. Yupo aliyefiwa na mzazi na kulazimika kurudi nyumbani msimu wa mavuno. Yupo aliyeugua kifua kikuu, ambacho matibabu yake ya kawaida huchukua miezi sita, karibu sawa na muhula mzima na zaidi. Yupo aliyepata sonona na hakujua kwamba ni ugonjwa. Yupo aliyejifungua katikati ya mwaka wa masomo. Na yupo, tusijidanganye, ambaye hakusoma tu: alifika mjini mara ya kwanza, akaona uhuru, akautumia vibaya.

Huyu wa mwisho ndiye anayedhani hana la kuandika. Sivyo. Kamati inayosoma maombi haitafuti msiba, bali inatafuta jibu la swali moja: je, kilichosababisha alama zile bado kipo? Aliyekuwa mzembe akaacha uzembe, na matokeo ya miaka iliyofuata yakathibitisha, ana maelezo yenye nguvu kuliko aliyepatwa na msiba lakini mstari wake haukupanda hata msiba ulipopita. Msiba huamsha huruma, na huruma ni jambo jema. Lakini huruma peke yake haijawahi kumfaulisha mtu somo la takwimu za afya.

Hapa ndipo historia ya Haydom yenyewe ina la kufundisha. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norway na ambayo leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Mbulu, imekuwa pia mahali pa utafiti unaosomwa duniani. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayeshindwa kupumua. Utafiti wa Hege Ersdal na wenzake, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha jambo la kutafakarisha. Wahudumu walipopimwa kwa mwanasesere wa mafunzo miezi kadhaa baadaye, walifanya vizuri kuliko awali. Lakini huduma waliyowapa watoto halisi, usiku, wodini, haikubadilika ipasavyo. Ndipo mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalipoanzishwa hukohuko kazini. Utafiti ulioongozwa na Estomih Mduma, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya mazoezi hayo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka takribani 11 hadi takribani 7 kwa kila watoto 1,000.

Matokeo hayo yana makali pande mbili. Kwa kamati za udahili, yanasema kwamba alama iliyopatikana mbele ya msimamizi na kazi inayofanywa mbele ya mgonjwa ni mambo mawili. Yanahusiana, lakini moja si kivuli cha lingine. Anayechagua wataalamu wa kesho kwa alama pekee anapima nusu ya jambo. Kwa mwombaji, yanasema kwamba mabadiliko hayatokani na siku moja ya nia njema. Hutokana na marudio. Anayedai kwamba amebadilika tangu mwaka wa kwanza hana budi kuonyesha marudio yake: masomo aliyoyafaulu baadaye, kozi alizochukua, kazi aliyoifanya wodini mwaka hadi mwaka, na watu walioiona kazi hiyo.

Basi maelezo hayo yaandikweje? Mhudumu wa afya tayari anajua mfano bora, ingawa huenda hajaufikiria hivyo. Ni barua ya rufaa. Barua nzuri ya rufaa haina malalamiko wala mapambo. Inasema mgonjwa alikuja na nini, lini. Ilionekana ni nini. Alipewa matibabu gani. Na hali yake sasa ikoje. Daktari wa Moshi au Arusha anayeipokea hahitaji kujua kwamba barabara ilikuwa na tope. Anahitaji kujua shinikizo la damu. Vivyo hivyo maelezo ya alama: kilichotokea, muda kilichodumu, hatua iliyochukuliwa, na hali ya sasa. Aya moja yatosha. Inayobaki ya barua izungumzie kile ambacho mwombaji anataka kusoma na sababu yake, kwa kuwa hicho ndicho kinachoombwa.

Mfano wa aya ya namna hiyo ungekuwa hivi: «Katika mwaka wa kwanza wastani wangu ulikuwa 2.1 na nilirudia mitihani miwili. Mwaka huo nilifiwa na baba, nikakosa wiki saba za masomo kwa kusimamia familia. Mwaka wa pili nilipanga upya masomo yangu kwa msaada wa mshauri wa wanafunzi; mwaka wa tatu na wa nne wastani ulikuwa 3.2 na 3.6. Tangu nihitimu nimefanya kazi miaka mitano katika wodi ya wazazi, miwili ya mwisho nikiwa msimamizi wa zamu, na mdhamini wangu wa kwanza ni kiongozi wangu wa kazi kwa muda huo.» Aya hiyo ina maneno machache, haimlaumu mtu, na kila dai lililomo linaweza kuthibitishwa. Ilinganishwe na ile inayoandikwa mara nyingi: kwamba wahadhiri hawakuwa wa haki, kwamba chuo hakikuwa na vitabu, kwamba mwombaji anaahidi kujitahidi sana. Hata pale ambapo malalamiko hayo ni ya kweli, hayamwambii msomaji lolote kuhusu uwezo wa sasa wa mwandishi.

Jambo jingine dogo lenye athari kubwa ni kipimo. Mwombaji anayepeleka maombi nje ya nchi aandike wazi kwamba wastani wake ni kati ya 5, na kwamba B kamili katika masomo yote huzaa 3.0. Nchi nyingine hutumia kipimo chenye kilele cha 4, nyingine hutumia herufi tu. Msomaji wa mbali anaweza kuidhania alama nzuri kuwa hafifu, au hafifu kuwa nzuri, na makosa yote mawili humrudia mwombaji.

Kuna eneo ambalo linahitaji uangalifu zaidi, nalo linawagusa wahudumu na wagonjwa kwa pamoja: ugonjwa kama sababu. Mwombaji aliyeugua ana haki ya kusema kwamba aliugua. Hana wajibu wa kuutaja ugonjwa. Yatosha kusema kwamba alikuwa katika matibabu kwa miezi fulani, kwamba matibabu yamekamilika au hali imedhibitiwa, na kwamba tangu hapo masomo na kazi hazikukatizwa. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, sheria ya nchi ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali yake, na hakuna nafasi ya masomo inayostahili kununuliwa kwa siri ambayo mtu hakuwa tayari kuitoa. Kwa upande mwingine, anayeamua mwenyewe kusema kwamba alipata sonona na akatibiwa asichukuliwe kuwa mtu dhaifu. Idara ya afya isiyoweza kumsikiliza mwenzao aliyepona itawasikilizaje wagonjwa?

Na hapo pana mtego ambao hauna budi kutajwa. Mtu anapohitaji ushahidi wa ugonjwa wa miaka iliyopita, humwendea rafiki aliye kazini na kumwomba cheti. Kila mhudumu aliyewahi kuombwa «ED» na jamaa mzima wa afya anajua ugumu wa kukataa, hasa katika mji mdogo ambamo watu hukutana kanisani, sokoni na msibani. Lakini cheti cha uongo ni uongo uliotiwa muhuri. Kinamdhuru aliyekiandika, kinamdhuru aliyekitumia, na zaidi ya wote kinamdhuru mwombaji mwingine ambaye kweli alilala wodini miezi mitatu, kwa kuwa vyeti vya uongo vikizidi, kamati huacha kuamini hata vya kweli. Kumbukumbu halisi ipo katika faili la mgonjwa. Ikiwa ipo, itolewe kwa utaratibu kwa ombi la mwenye faili. Ikiwa haipo, mwombaji aseme kilichotokea kwa maneno yake na aache hapo.

Vilevile haifai kuwapa watu tumaini la bure. Maelezo hayawezi kuvusha ukuta wa kanuni. Chuo kilichoandika 2.7 kama kima cha chini hakitaipuuza 2.4 kwa sababu ya aya nzuri, na hakipaswi kufanya hivyo kwa siri kwa mmoja huku kikiwakataa wengine. Aliye chini ya kima anahitaji njia, si maneno. Njia zipo: stashahada ya uzamili inayoweza kuonyesha uwezo mpya, kozi fupi zenye mitihani, kushiriki katika utafiti kuanzia kukusanya takwimu hadi kuandika, na kusoma kanuni za chuo husika kwa makini, kwa kuwa baadhi ya vyuo huruhusu mwenye pasi kufikiriwa akiwa na uzoefu na ushahidi wa kitaaluma. Katika hili mhudumu wa Haydom hayuko mbali na ulimwengu kama anavyodhani. Utafiti wa ukuaji wa watoto na maambukizi ya tumbo uliojulikana kwa jina la MAL-ED ulifanyika katika vituo vya nchi nane, na kituo cha Tanzania kilikuwa Haydom. Watoto walifuatiliwa tangu siku zao za kwanza hadi miaka miwili, mara kwa mara, nyumbani kwao. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila wahudumu wa mahali. Aliyeifanya kwa uaminifu ana jambo la kuonyesha ambalo halimo katika hati yoyote ya matokeo.

Kamati za udahili nazo zina wajibu wao. La kwanza ni kuuliza. Fomu nyingi zina nafasi ya jina la baba, anuani na namba ya simu, lakini hazina mistari mitano ya kumruhusu mwombaji aeleze mwaka uliomharibikia. Pasipo nafasi hiyo, anayejieleza ni yule aliyefundishwa na mtu kwamba inaruhusiwa, na huyo mara nyingi ni mtoto wa mjini au wa msomi. Mtoto wa mfugaji wa Hanang anayedhani kwamba kujieleza ni utovu wa adabu hunyamaza. La pili ni kutazama mwelekeo wa alama kwa miaka, siyo wastani pekee. Takwimu hizo zimo tayari katika hati ya matokeo. La tatu ni kukumbuka kwamba uhodari wa kuandika Kiingereza kizuri si ushahidi wa ukweli wa kilichoandikwa. Mahojiano mafupi, hata kwa simu, hufichua mengi ambayo karatasi huficha.

Mgonjwa anayesoma haya anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: kwa nini nitibiwe na mtu aliyefeli? Jibu ni kwamba hakuna anayependekeza hivyo. Aliyepewa shahada alifaulu kwa kiwango kilichowekwa, akapita mafunzo ya vitendo, akasajiliwa na baraza la taaluma yake, na akidahiliwa uzamili atafanya mitihani ileile wanayofanya wenzake bila kupunguziwa alama hata moja. Maelezo yanamfungulia mlango wa kuingia darasani, hayamfanyii mtihani. Swali ambalo mgonjwa wa Haydom anapaswa kuliweka kando ya hilo ni jingine: nani atakuwa bingwa wa hapa baada ya miaka kumi? Arusha iko takribani kilomita 300, na mama anayetokwa na damu hana muda wa safari hiyo. Mtu anayeelekea zaidi kurudi na kukaa ni yule ambaye nyumbani kwao ni hapa, anayeweza kumsalimu mgonjwa kwa Kiiraqw na kumsikia Mdatoga bila mkalimani. Mara nyingi ni huyohuyo ambaye safari yake ya shule ilikuwa ndefu na mwaka wake wa kwanza chuoni ukawa mgumu. Kumpoteza kwa sababu ya alama za muhula mmoja ambazo hakuna aliyemwuliza habari zake ni hasara ambayo haitaandikwa katika taarifa yoyote, lakini wodi itaihisi.

Kwa hiyo aliyefungia hati yake sandukuni aitoe. Akae na mwenzake anayemwamini, waipitie mwaka kwa mwaka, na aandike aya yake kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, si usiku wa siku ya mwisho. Ikiwa mstari wake unapanda, auonyeshe. Ikiwa bado haujapanda, basi ameujua ukweli wake mapema, na mwaka ulio mbele yake unaweza kutumika kuupandisha.